Mistari Ambayo Mama Vifungo Hakuifuma

Siku binti yake alipomwambia kwamba anataka kuolewa akiwa amejitanda shali nyeusi, Mama Vifungo alikuwa amebana pini kwa meno, na nusura azimeze. Alizitema kiganjani moja moja, akazitia kwenye kopo, kisha akamtazama mwanawe kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Mzaha haukuisha. Binti alitoa simu akamwonyesha picha ya shali ya lesi, nyeusi tititi, ya pembe tatu, yenye mawaridi na majani yaliyoshikiliwa na wavu mwembamba kama utando wa buibui, na ncha zake zikining'inia mpaka chini ya magoti. Gauni lenyewe, binti alieleza, litakuwa rangi ya damu ya mzee.

"Nyeusi ni ya msiba, mwanangu," mama alisema.

"Ya msiba ni ile anayovaa mtu anayelia. Mimi nitakuwa nacheka."

Mama Vifungo alijua mabishano hayo yamekwisha kabla hayajaanza. Binti huyu, kitinda mimba wake, alipenda nyeusi tangu yuko sekondari. Alivaa pete za fedha karibu kila kidole, akapaka midomo rangi ya zambarau iliyokolea, na chumba chake kilikuwa na mapazia mazito hata jua la saa sita lilikuwa likibisha hodi na kurudi lilikotoka. Alikuwa mfamasia. Kazini alivaa koti jeupe juu ya yote hayo, na wagonjwa waliochukua dawa mkononi mwake hawakujua kabisa kilichofichwa humo ndani. Mchumba wake, kijana mpole wa benki, alikuwa ameshakubali kila kitu hata kabla hajaulizwa. Kwa hiyo mama akauliza jambo moja tu: nani ataifuma?

Binti akamwangalia tu, akitabasamu.

Jina la Mama Vifungo lilitokana na duka lake. Lilikuwa duka jembamba, limebanwa kati ya studio ya picha na fundi viatu, nalo liliuza vifungo, zipu, lastiki, sindano na nyuzi za kila namna. Ukuta mzima ulikuwa droo ndogondogo mpaka kwenye dari, na kila droo ilishonewa kifungo kimoja nje ili ujue kilichomo ndani. Mwenyewe hakuhitaji kutazama. Ungemletea koti lililopungua kifungo, akakipapasa kilichobaki, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake na kutoa ndugu yake, huku akikukumbusha kwamba koti hilo alikuuzia zipu ya mfukoni ule mwaka uliovunjika mguu. Watu walicheka, wakasema mama huyu ana kichwa cha kutunza mambo ya mtaa mzima. Alikuwa akiringia kichwa chake hicho kuliko duka.

Kufuma kwa kroshia alijifunza angali msichana, na mikono yake ilikuwa mizuri. Lakini alikuwa amezoea vitambaa vya meza na kofia za watoto, vitu vyeupe na vya rangi ya maziwa, ambavyo macho yanaviona hata taa ikiwa hafifu. Uzi mweusi ni habari nyingine. Kitanzi cheusi kikikaa juu ya kitanzi cheusi, unafuma kama kipofu, kidole ndicho kinachokwambia sindano imeingia wapi. Alitandika taulo jeupe mapajani ili apate kuona matundu, akaanzia kwenye ncha ya chini kabisa, pale shali inapoanza na vitanzi vichache tu. Mwanzoni kazi ilikwenda mbio, akajisifu. Kisha akagundua ubaya wa shali ya pembe tatu: kila mstari ni mrefu kuliko uliotangulia. Waridi la kwanza alilimaliza jioni moja. Mawaridi yalipofika kuwa mstari mzima, alikuwa anatoka dukani miguu imevimba, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na kabla hajamaliza jani moja kidevu kimeshaangukia kifuani. Harusi nayo haikusimama kumsubiri.

Mumewe alikuwa fundi breki. Alikuwa mtu mpana, mkimya, mwenye vidole vinene kama mipini ya bisibisi na weusi wa grisi uliojichora kwenye mistari ya viganja, usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, basi siku hizi vijana wa gereji walifanya kazi nzito na yeye alikwenda mchana tu, kukagua na kuwagombeza. Asubuhi alibaki nyumbani, anasikiliza redio. Katika maisha yao yote ya ndoa Mama Vifungo hakuwahi kumwona akishika sindano. Kifungo cha shati kikimkatika, alikiweka juu ya meza mbele ya mkewe na kukaa akikitazama, kama mtu aliyeleta gari kwa fundi.

Jambo la ajabu la kwanza lilikuwa dogo. Jioni moja Mama Vifungo alitandua kazi yake akakuta waridi alilokuwa ameliacha na petali za chini tu limekamilika, limejaa na kutuna katikati kama linavyotakiwa. Akajiambia kwamba jana alilimaliza huku akisinzia. Jambo la pili halikuwa dogo. Kulikuwa na mahali alikuwa ameruka kitanzi, akaona wavu umevutika upande, akaapa kwamba kesho ataufumua. Kesho yake aliuchunguza wavu wote, akaukunjua juu ya taulo, akaupitisha vidoleni inchi kwa inchi. Kosa halikuwepo. Juu ya pale palipokuwa na kosa palikuwa na mstari mpya.

Alikaa na shali mapajani, akaanza kuuhesabu upya mstari ule.

Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili, akaendelea kwa kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa, mwisho akawa anamwita bintiye kwa jina la dada yake aliyekufa zamani na kumuuliza kwa adabu kama ametoka mbali. Mama Vifungo ndiye aliyemuuguza. Alimwogesha, akamlisha, akamjibu kila mara kwamba ndiyo, ametoka mbali. Tangu hapo hofu yake ilikuwa moja tu, nayo hakuwahi kuitamka. Sasa aliuangalia mstari ule ambao mikono yake ilikuwa imeufuma bila yeye kujua, na jambo lililomtisha zaidi ni kwamba haukufanana na mkono wake. Kila mfumaji ana mkono wake, kama mwandiko. Yeye hufuma kwa kulegeza. Vitanzi hivi vilikuwa vimekazwa, vidogo, sawasawa mno. Alijiambia kwamba ugonjwa umeshafika mikononi.

Hakumwambia mumewe. Alianza kujipima kimyakimya. Alipokuwa akitembea kwenda dukani alijisomea majina ya majirani wa zamani, nyumba kwa nyumba. Alijitajia droo zake kutoka chini hadi juu. Yote aliyakumbuka, lakini hakupata nafuu, kwa sababu kila siku mbili tatu shali ilikuwa imeongezeka. Akapungua mwili. Wateja walimsifu wakidhani anajipunguza kwa ajili ya harusi.

Mwisho alimweleza mdogo wake, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, mwanamke ambaye hajawahi kusikia jambo zito asilitafutie kichekesho. Mdogo mtu aliacha kichwa cha mteja nusu, akamvuta dadake nyuma ya pazia, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema labda ni mashetani wamechoka kutisha watu, wameamua kujifunza kazi za mikono. Alipoona dada hacheki, na macho yamemjaa maji, naye akabadilika. Akachukua kipande cha uzi mwekundu alichokuwa akifungia rasta.

"Dada, ukimaliza leo funga hiki kwenye kitanzi cha mwisho. Halafu uifungie shali kabatini, ufunguo uje nao kwangu. Ikiongezeka tena, si wewe. Mwizi wa kuongeza mali mimi sijawahi kumsikia, lakini si wewe."

Mama Vifungo alifanya hivyo, ila kabati la kufunga hakuwa nalo. Alifunga uzi mwekundu, akaiweka shali kwenye kikapu chake, asubuhi akaenda dukani. Alijaribu kufanya kazi. Akauza lastiki, akakata mita za utepe, akazungumza na fundi viatu habari ambazo hakuzisikia. Saa sita haijafika, moyo ukamshinda. Alimwomba fundi viatu amwangalizie mlango, akarudi nyumbani kwa miguu, haraka, kanga ikimponyoka begani.

Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi, pazia limefungwa fundo pembeni ili mwanga uingie. Kabla hajafika mlangoni alimwona.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake yeye Mama Vifungo, amevaa fulana safi, miwani imeteremka mpaka puani. Taulo jeupe lilikuwa mapajani. Shali ilimmwagikia magotini hadi sakafuni, nyeusi, pana, nzuri, na katika vidole vile vinene sindano ya kroshia ilikuwa ikiingia na kutoka kwa wepesi wa mdomo wa kuku anayedonoa. Hakuwa akitazama vitanzi. Alikuwa akitazama redio, akisikiliza taarifa ya habari, na mikono ilikwenda peke yake.

Mama Vifungo aliganda. Angemkuta na mwanamke, angejua la kufanya; angeita majirani, angevunja sahani. Kwa hili hakuwa na la kufanya. Alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe kama mpita njia, mdomo wazi, akimtazama mwanamume ambaye alidhani anamjua mpaka namna anavyopiga chafya. Kisha, asijue kwa nini, akanyata kinyumenyume, akarudi dukani. Mchana ule alimuuzia mteja zipu ya begi kwa ajili ya sketi, na alipouliziwa vishikizo alitoa sindano za cherehani.

Alifunga mapema. Alipofika nyumbani mume alikuwa ameshakwenda gereji. Shali ilikuwa kikapuni, imekunjwa kama alivyoikunja yeye, na ule uzi mwekundu ulikuwa umemezwa mistari miwili ndani. Alikaa akimsubiri. Mume aliporudi, jua bado liko juu ya mapaa, alisalimia na kwenda kunawa kama kawaida. Aliporudi sebuleni alimkuta mkewe amesimama, shali ameitandaza juu ya meza, sindano juu yake.

"Fuma," Mama Vifungo alisema.

Mume alimtazama. Akaitazama shali. Hakuuliza kitu, wala hakujaribu kukana. Alirudi kunawa mara ya pili, akasugua viganja kwa sukari na sabuni, akajifuta vizuri, akaketi. Akafuma. Mkewe alimtazama kuanzia kitanzi cha kwanza mpaka mwisho wa mstari, na ule mstari, kwa jinsi shali ilivyokuwa pana, ulichukua muda mrefu. Alipofika ukingoni na kugeuza kazi, mume ndiye aliyeanza kusema. Alisema alimwona anavyosinzia kila jioni sindano mkononi, alivyokuwa akifikicha macho. Alidhani akimsaidia kidogo kidogo hatagundua, kwa kuwa nyeusi yote inafanana.

"Nilidhani naanza kama mama," mkewe alimwambia.

Mkono wa mume ulisimama, sindano ikiwa katikati ya kitanzi.

"Tangu waridi lile lililojimalizia lenyewe nimekuwa nikijiambia nimeshaanza. Nimekuwa nikilala pembeni yako, nikijiuliza ni siku gani nitakuuliza kama umetoka mbali."

Uso wa mume ulibadilika kama wa mtu aliyesikia kishindo na anajua gari aliloliachia breki ndilo lililogonga. Aliweka kazi chini. Akamshika mkewe mkono, mkewe akauondoa. Mama Vifungo hakutaka kushikwa mkono. Alitaka kujua kitu kimoja: mikono hii ilijifunza wapi?

Hapo ndipo alipopata mshtuko wa pili, na huo ulikuwa mkubwa kuliko wa dirishani.

Mume alisimulia huku akiitazama meza. Alipokuwa kijana, kabla hawajajuana, aliugua kifua kikuu. Alilazwa katika wodi ya kifua iliyokuwa juu ya kilima nje ya mji, akakaa huko zaidi ya mwaka. Wagonjwa walitakiwa watulie, na vijana hawakujua kutulia. Walicheza mpira kwa siri, wakatema damu. Basi muuguzi mmoja mkali aliwagawia sindano na nyuzi, akawaambia atakayeonekana amesimama bila ruhusa atafuma mara mbili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi cherehani mtu mzima, ndiye aliyemfundisha mawaridi. Wodi nzima ya wanaume ilifuma. Walishindana. Yule fundi cherehani alikufa kabla ya kumaliza kitambaa chake, na yeye ndiye aliyekimalizia, akimuiga mkono ili isijulikane.

Mkewe alisikia yote hayo kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Halafu wazo likamjia.

Mume alikuwa na kovu refu mgongoni, lililoanzia chini ya bega la kushoto na kuzunguka mpaka kwapani. Mama Vifungo alilijua kovu lile kuliko mgongo wake mwenyewe. Kila msimu wa baridi alilisugua kwa mafuta ya moto. Aliambiwa wakiwa wachumba kwamba gari lilimwangukia gerejini, jeki iliteleza.

"Na jeki?" aliuliza.

"Hakukuwa na jeki. Walinipasua hukohuko wodini."

Akaeleza kwamba siku za posa baba mkwe alimuuliza wazi, mbele ya wazee, kama kwao kuna ugonjwa wa kifua. Naye alijibu kwamba kwao hakuna, na kweli kwao hakukuwa na mwingine. Wakati ule mtu aliyetoka wodi ile hakupewa hata kiti, sembuse mke. Baadaye alitaka kusema. Mtoto wa kwanza akazaliwa, wa pili akazaliwa, na kila mwaka ulivyopita neno lile likazidi kuwa zito kulitoa.

Mama Vifungo aliinuka, akaenda chumba cha binti yake chenye mapazia mazito, akajifungia. Hakulia. Alikuwa amekaa kitandani, viganja juu ya magoti, anamfikiria mtu ambaye mumewe hakumtaja hata kidogo katika maelezo yake: Mzee Spana.

Mzee Spana ndiye aliyekuwa mwenye gereji ambako mumewe alianzia kazi, bosi wake wa kwanza. Jeki ilikuwa ya Mzee Spana. Kwa hiyo Mama Vifungo alimchukia tangu siku aliyoliona kovu. Alimchukia kwa dhati, kwa miaka yote. Akikutana naye njiani alikunja uso na kuvuka upande wa pili. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, Mzee Spana alileta beseni zuri la kuogea mtoto, naye akalirudisha siku hiyohiyo na ujumbe kwamba pesa hizo akanunulie jeki nzima. Mzee alipougua, mume alikwenda kumjulia hali peke yake. Siku ya mazishi Mama Vifungo alibaki dukani, akavimwaga vifungo vyote vya droo moja juu ya kaunta na kuanza kuvipanga upya, ili apitaye asimwone ameketi bure. Na hata sasa, kadi za harusi zilipoandikwa, mume aliomba mjane wa Mzee Spana asisahaulike, na yeye akasema mjane huyo hamjui.

Wiki iliyofuata ilipita kwa namna ya ajabu. Mke na mume hawakuzungumza zaidi ya chumvi iko wapi na maji yamechemka. Mama Vifungo alilala chumba cha binti, akisingizia mikoromo. Lakini harusi ilikuwa inakaribia, na shali haikujua kwamba watu wamenuniana. Asubuhi mume aliifuma, jioni mke aliichukua pale alipoiachia. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Yeye alilazimika kukaza mkono ili ulingane na wa mumewe, na siku moja akagundua kwamba mumewe naye ameanza kulegeza wa kwake ili ulingane na wake, hata ikabidi wote wawili wafumue mstari mmoja. Walifumua, kila mtu upande wake.

Siku iliyofuata Mama Vifungo alichukua kadi moja ya harusi iliyobaki, akaenda.

Mjane wa Mzee Spana aliishi vyumba viwili nyuma ya gereji ile ya zamani, ambayo sasa ilikuwa imekodishwa kwa wauza matairi. Alikuwa kikongwe mdogo, mkavu, anamenya viazi mlangoni, beseni katikati ya miguu. Alimwona Mama Vifungo akija, akamtambua, akaendelea kumenya.

Mama Vifungo alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Yote yakamtoroka. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema amekuja kuomba radhi kwa sababu ya jeki. Bibi kizee akaacha kumenya. Akamtazama kwa makini.

"Kwa hiyo amekwambia," alisema.

Mama Vifungo hakutegemea kwamba bibi naye alijua. Akashika mwimo wa mlango.

Bibi alimvutia kigoda, akamsimulia. Mzee Spana ndiye aliyekuwa akitengeneza gari la wagonjwa la wodi ile ya kilimani. Huko alimwona kijana anayefuma, akapenda vidole vyake. Alisema mtu anayeweza kuhesabu vitanzi vidogo vile hawezi kusahau kukaza nati. Kijana aliporuhusiwa kutoka hakuna aliyemtaka, hata ndugu zake walimwekea sahani yake nje. Mzee Spana akamchukua. Bibi mwenyewe, na hili alilisema bila kuinua macho, alikuwa amemtengea kijana kikombe chake, kina alama ya rangi, ili kisichanganyike na vya nyumbani. Siku moja mumewe aliingia jikoni, akakichukua kikombe kile, akakimiminia chai, akanywa mbele yake mpaka tone la mwisho, akakirudisha kabatini pamoja na vingine. Hawakulizungumzia tena.

"Na jeki?" Mama Vifungo aliuliza.

Jeki waliitunga wawili, wakiwa wamelala chini ya lori, kijana alipokuja kueleza kwamba amepata mchumba na mchumba ameuliza kuhusu kovu. Mzee Spana ndiye aliyesema: sema ni jeki yangu, mimi mgongo wangu mpana. Beseni la mtoto liliporudishwa na ujumbe wake, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye akanyamaza, akasema angalau kijana amepata mke anayeweza kumpigania. Alikuwa akirudi nyumbani siku nyingine akitangaza kwamba leo amekunjiwa uso tena, na vizuri kweli. Mkewe aliwahi kutaka kwenda kusema ukweli. Mzee alimkataza mpaka anakufa.

Mama Vifungo alikaa pale kwenye kigoda. Alitazama viazi ndani ya maji. Aliwaza mkono wa mzee yule ulioinuka kumsalimia mara ngapi ng'ambo ya barabara, na yeye akapita. Mtu alimjua kuwa amekosea, akamwacha akosee, ili apate kulala kwa amani na mumewe. Akaitoa kadi, akaiweka mapajani mwa bibi. Bibi akampa kisu cha pili, nao wakamenya viazi vyote vilivyokuwamo, na vingine ambavyo havikuhitajika.

Jioni ile alirudisha mto wake chumbani kwao. Mume alimwona anapita nao, akasogea upande wake wa kitanda.

Shali ilimalizika kabla ya harusi kwa muda wa kutosha kuifua, kuinyoosha na kuibana kwa pini juu ya godoro ili ikauke ikiwa na umbo lake. Binti alipoijaribu hakucheka wala kuruka. Aliishika kwa ncha za vidole, akaenda nayo dirishani, akaikagua kwa macho ya mfamasia anayesoma karatasi ya daktari.

"Huu si mkono wako peke yako, mama."

Akaelezwa, wodi na yote. Alisikiliza kwa utulivu, kwa kuwa dawa za ugonjwa huo anazitoa kila siku na kwake halikuwa jambo la aibu. Lililomshinda ni kumfikiria baba yake na sindano ya kroshia. Alikwenda hadi mlangoni, akamtazama mzee wake aliyekuwa anasikiliza redio, akarudi, akaketi kitandani juu ya gauni lake la harusi bila kujua.

Siku ya harusi watu walinong'ona walivyopenda. Bibi arusi aliingia kwa rangi ya damu ya mzee na lesi nyeusi ikimfuata kama kivuli chenye maua, midomo ya zambarau, pete kumi, na uso wenye furaha isiyo na mfano. Shangazi mmoja alisikika akiuliza nani amefariki. Mjane wa Mzee Spana aliketishwa mstari wa mbele, kwenye viti vya familia, na waliomjua Mama Vifungo walishangaa kumwona akimshikia kikombe. Wanawake walimzunguka kumuuliza nani ameifuma shali ile. Alisema ameifuma yeye na mumewe. Wakacheka. Akarudia, wakacheka zaidi, mdogo wake msusi akiwaongoza ingawa alijua ukweli. Mama Vifungo akawaacha wacheke, akamtafuta mumewe kwa macho, akamwona amesimama pembeni kwenye suti inayombana, mikono mfukoni.

Tangu hapo anajaribu kuuzoea ukweli huo, na bado hajauzoea. Hutokea akiwa jikoni, au anapanga vifungo, anasimama ghafla na kumtazama mumewe kama mgeni aliyeingia sebuleni bila kubisha hodi. Kisha anamuuliza jambo moja kuhusu kule kilimani. Walikuwa wakila nini? Yule fundi cherehani alikuwa na watoto? Muuguzi mkali aliitwaje? Mume hupunguza sauti ya redio, anafikiri, anajibu.

Juzi alimuuliza kama alikuwa anaogopa.

"Usiku tu," mume alisema, akahamisha kiti chake karibu na wake.